Watuhumiwa Mia Tano kwa Sare Moja

Waandishi wa riwaya za upelelezi wana tatizo moja la tangu zamani: kuwapata watuhumiwa wa kutosha, mahali pamoja, kwa sababu inayoingia akilini, na wasiwe na pa kutokea. Waingereza walilitatua kwa jumba la shamba lililozingirwa na theluji, kwa kisiwa, kwa behewa la treni. Mlango unafungwa, watu kumi wanabaki ndani, mmoja wao ndiye aliyeua. Kanuni hiyo imetumika hadi imepauka, na bado wengi wanaotaka kuwaandikia vijana hadithi ya fumbo huanzia hapohapo.

Mpeleke mwandishi wa namna hiyo Lagos, Jumamosi, kwenye harusi ya Kiyoruba, na kanuni yake itavunjika kabla bibi harusi hajaingia ukumbini. Kadi zimeandikwa kwamba asiye na mwaliko asije, mabaunsa wamesimama getini, na bado wanaingia watu ambao hawajulikani kwa mama wa bibi harusi wala kwa mama wa bwana harusi. Mzamiaji wa aina hii ana jina lake kabisa, mo gbọ́ mo yà, yaani nilisikia nikapitia, na watu hulitamka kwa kicheko zaidi kuliko kwa hasira, kwa kuwa sherehe ambayo haikuzamiwa na mtu ni sherehe iliyopooza. Wageni ni mia tano, au elfu moja. Hesabu ya kweli anayo mpishi peke yake, maana ndiye aliyeishiwa na wali.

Kwa maoni yangu, riwaya ya fumbo ya vijana iliyowekwa kwenye harusi ya Kinaijeria hufaulu pale mwandishi anapoacha kuhangaika kufunga milango. Nani aliingia na nani alitoka ni swali dogo mno kwa shughuli kubwa kiasi hicho. Swali kubwa ni lile ambalo koo mbili zilichunguzana miezi kadhaa kabla, zikapata jibu, kisha zikalikalia kimya.

Tuanze na nguo, kwa sababu ndiyo inayoonekana kwanza, na ndiyo ambayo waandishi wengi huishia kuipamba tu. Aso-ebi ni nguo ya ukoo. Familia huchagua kitambaa na rangi, kisha hukiuza kwa ndugu, marafiki na wafanyakazi wenzao, mara nyingi kwa bei iliyoongezwa kidogo ili kupunguza makali ya gharama. Upande wa bibi harusi una rangi yake, upande wa bwana una yake, na marafiki wa bibi harusi wana yao. Mwenye jicho husimama mlangoni akausoma ukumbi wote: nani wa upande gani, nani amelipa, nani amepewa bure kwa heshima, nani amevaa lesi ya harusi ya mwaka juzi akitumaini hakuna atakayekumbuka. Lesi yenyewe ina safari ndefu. Tangu miaka ya 1960 watengenezaji wa Lustenau, mji mdogo wa jimbo la Vorarlberg huko Austria, wamekuwa wakidarizi kwa kufuata matakwa ya wanawake wa Nigeria. Aso-oke, kitambaa kizito cha kufumwa kwa mkono, hutoka kwa wafumaji wa nyumbani, na mji wa Iseyin ndio unaosifika kwa kazi hiyo.

Sare hiyo huficha na hufichua. Shahidi akisema alimwona mwanamke mwenye kilemba cha rangi ya dhahabu na lesi ya kijani akitoka chumba cha bibi harusi, ametaja wanawake mia mbili. Lakini sare hiyohiyo ina daftari. Kuna shangazi mmoja ambaye kwake ndiko zilikokuwa zikitumwa risiti za benki, mwenye orodha ya nani alichukua yadi ngapi. Aliyevaa kitambaa ilhali jina lake halimo kwenye orodha, aliyelipa asionekane, aliyenunua kwa ajili ya watu wawili wakati anajulikana kuwa mseja: hapo pana riwaya nzima. Msomaji wa Dar es Salaam atamtambua shangazi huyo mara moja. Kwetu ni mhazini wa kamati ya harusi, anayekumbuka hadi leo kwamba fulani aliahidi laki mbili akatoa elfu hamsini.

Kuna vitu vingine vya ukumbini ambavyo mpelelezi mwenye akili hangevipita. Wapiga picha huja na mashine ndogo za kuchapishia, huzichapa picha papo hapo na kuzitembeza mezani kwa mezani wakiwauzia walio ndani ya picha. Mwisho wa shughuli hubaki rundo la picha ambazo wenyewe hawakuzinunua. Ningekuwa mimi ndiye ninayeandika, ningempeleka binti wangu mpelelezi moja kwa moja kwenye rundo hilo: hizo ni picha za watu walioondoka mapema. Halafu kuna zawadi za wageni. Kila tawi la familia hugawa vitu vya matumizi ya nyumbani, bakuli la plastiki, kikombe, taulo, trei, vyenye majina ya wanaoolewa na tarehe, pengine na sura zao. Kabati la jikoni la nyumba ya Lagos kwa hiyo ni makumbusho ya harusi, mazishi na siku za kuzaliwa za miaka ishirini. Bwana harusi akijulikana kuwa hajawahi kuoa, na chini ya kabati la mtu asiyehusika likaibuka bakuli lenye jina lake na jina la mwanamke mwingine, hakuna haja ya kuleta maiti.

Hapo ndipo ninapotofautiana na wanaoamini kwamba fumbo bila damu si fumbo. Harusi ya kanisani au ya msajili, kwa sheria ya Nigeria, ni ya mume mmoja na mke mmoja. Ya kimila na ya Kiislamu huruhusu zaidi ya mmoja. Mtu aliyefunga ndoa ya kwanza kwa msajili akafunga nyingine ametenda kosa ambalo Kanuni ya Jinai inayotumika kusini mwa nchi, kifungu cha 370, inaliwekea kifungo cha miaka 7. Ni nadra kusikia mtu amefungwa kwa hilo. Lakini sababu ya kumnyamazisha mtu aliyeshika cheti cha zamani ipo, tena ni nzito, na kijana wa miaka kumi na sita anaweza kuielewa bila kusomewa sheria.

Jambo lenye utajiri zaidi, hata hivyo, ni uchunguzi wa posa. Kwa Waigbo, baada ya kubisha hodi, iku aka, hufuata hatua ya kuulizia, na kila ukoo hutuma watu wake kimyakimya kwenye kijiji cha mwenzake. Wanauliza kuhusu wazimu, wizi, vifo vya ghafla, watu waliojiua, madeni, tabia ya mama. Na wanauliza lile ambalo halitajwi kwa sauti: je, hawa ni osu? Osu ni kizazi cha watu waliokabidhiwa kwa miungu zamani na kutengwa na waliojiita huru. Sheria ya Kanda ya Mashariki iliupiga marufuku ubaguzi huo mwaka 1956, miaka minne kabla ya uhuru. Chinua Achebe, katika riwaya yake ya pili ya mwaka 1960, aliwaonyesha kijana aliyesoma Uingereza na mchumba wake wakivunjwa na jambo hilohilo, na bado hadi leo posa huvunjika kwa maneno mawili matatu kutoka kwa mzee aliyerudi kijijini na uso umekunjamana. Sababu haitolewi. Vijana wawili wanaambiwa tu kwamba haiwezekani.

Wayoruba nao walikuwa na alarina, mtu wa kati, ambaye sisi tungemwita mshenga, na kazi yake haikuwa kupeleka salamu peke yake. Alipeleleza. Alichunguza ukoo, akawaletea waliomtuma habari waliyoitaka na nyingine wasiyoitaka. Mpelelezi wa kwanza katika harusi ya Nigeria ni huyo, na jalada lake lilishafungwa kabla sura ya kwanza haijaanza. Kijana wa riwaya anachofanya ni kulifungua tena. Ndiyo maana swali zuri kwa hadithi ya namna hii haliwi nani alifanya. Linakuwa nani alijua, tangu lini, na nani aliamua wengine wasiambiwe.

Siku hizi uchunguzi huo una karatasi yake. Kipimo cha jenotaipu, cha kujua kama mtu ni AA, AS au SS, kimekuwa sehemu ya uchumba wa Nigeria kuliko nchi nyingi duniani, na makanisa mengi hayafungishi ndoa mpaka majibu yawe mezani. Kisa ni selimundu, ugonjwa wa damu wa kurithi. Karibu robo ya watu wazima wa Nigeria ni AS, yaani wamebeba chembe moja ya ugonjwa bila wao kuugua, na Shirika la Afya Duniani limekadiria kwamba watoto wapatao 150,000 huzaliwa na ugonjwa huo nchini humo kila mwaka. Wazazi wawili wenye AS, kila mimba ina nafasi moja kati ya nne ya kuwa SS, yaani mtoto mgonjwa. Kwa hiyo watu huachana. Wanaopendana kwa miaka mitano huachana kwa karatasi moja, na wengine, badala ya kuachana, hununua karatasi nyingine.

Tazama karatasi hiyo inavyoweza kumfaa mwandishi anayeijua kazi yake. Ukitoa visa vya nadra sana, mtu mwenye SS hawezi kuzaa mtoto wa AA, na baba wa AA hawezi kuwa baba mzazi wa mtoto wa SS. Haya hufundishwa kwenye biolojia ya sekondari, na yumo katika riwaya yetu msichana anayejiandaa kwa WAEC, mtihani wa kumaliza sekondari. Anaokota majibu ya dada yake anayeolewa, anayalinganisha na anachokijua kuhusu baba yao, anachora mistari minne kwenye daftari kama mwalimu alivyoonyesha, na ghafla fumbo la nani aliiba karatasi linageuka kuwa fumbo la dada ni mtoto wa nani. Hakuna kioo cha kukuzia vitu, hakuna alama za vidole. Kuna mwanafunzi mwenye penseli. Na kwa kuwa majibu ya maabara yasiyolingana ni malalamiko ya kawaida nchini humo, mwandishi anapewa pia njia ya kumpoteza msomaji kwa haki: pengine mama hakukosa lolote, maabara ndiyo iliyokosea. Sielewi kwa nini mtu mwenye kitu kama hiki mkononi aende kutafuta kisu cha kukatia keki.

Vijana wenyewe wana nafasi ya ajabu kwenye sherehe hizi, na hapa ndipo riwaya ya vijana inapopata faida kuliko ya watu wazima. Katika hatua ya kimila ya Wayoruba, upande wa bwana harusi huleta barua ya posa ikiwa imefungwa kwa utepe, na mara nyingi anayeisoma mbele ya kadamnasi ni msichana mdogo wa familia ya bibi harusi. Washereheshaji wawili wa kulipwa, alaga iduro anayeusemea upande wa bwana na alaga ijoko anayeusemea upande wa bibi, wameshika usukani wa shughuli yote. Wanaimba, wanatania, wanatoza faini za papo hapo, wanaamuru bwana harusi na marafiki zake walale kifudifudi mbele ya wakwe. Katikati ya kelele hizo, dakika mbili tatu, kila mtu anamsikiliza mtoto anayesoma. Baada ya hapo hakuna anayemkumbuka. Anatumwa kuleta viti, kuhesabu viazi vikuu vya mahari, kumtafuta mjomba, kushika mkoba wa shangazi. Anayetumwa anaingia vyumba vyote, na hakuna anayenyamaza anapopita.

Kuna jambo la ndani zaidi ambalo mgeni hawezi kulibuni. Katika nyumba ya Kiyoruba ukubwa huhesabiwa pia kwa nani alitangulia kuwa wa ukoo. Binti aliyezaliwa humo mwaka 2008 amemtangulia mwanamke aliyeolewa humo mwaka 2015, hata kama mwanamke huyo ni wa rika la mama yake, na kwa desturi mke hakuwa akimwita mtoto wa ukoo wa mume kwa jina lake. Alimbunia jina la kumsifu na kumbembeleza. Basi msichana wetu hawezi kumhoji kaka mkubwa wa baba yake hata kidogo. Hata kumtazama usoni wakati anaulizwa kitu ni shida. Lakini anaweza kwenda jikoni, alipo mke wa huyo kaka, aliyeolewa msichana akiwa ameshazaliwa, akauliza, na mke huyo hana namna nyepesi ya kumfukuza. Ushahidi wa riwaya nzima utatoka kwa wake walioolewa humo: wanajua kila kitu, waliambiwa wanyamaze, na wana sababu zao za kuchoka kunyamaza.

Halafu majina. Nusu ya wazee hawa msichana hajui majina yao halisi. Anamjua Mama Ibadan, anamjua Uncle London, anamjua Big Mummy, anamjua mama wa fulani. Cheti kikitaja jina na ubini, hajui kwamba mwenye jina hilo ameketi meza ya tatu na ndiye aliyemlea. Kwa mwandishi wa Kiingereza kumficha mhusika nyuma ya jina la bandia ni hila inayohitaji sura nzima ya maelezo. Hapa ni adabu ya kawaida.

Fedha nayo. Kuwarushia wanandoa noti wakicheza ni jambo ambalo watazamaji wetu wa taarabu hawahitaji kuelezwa. Tofauti ni kiasi, na kwamba Nigeria imelifanya kosa la jinai. Sheria ya Benki Kuu ya mwaka 2007, kifungu cha 21, inakataza kurusha, kucheza juu yake au kukanyaga naira, na adhabu ni kifungo kisichopungua miezi 6 au faini isiyopungua naira 50,000, au vyote viwili. Kwa miaka mingi sheria ililala. Februari 2024 mwigizaji mmoja alihukumiwa Lagos miezi 6 au faini ya naira 300,000 kwa kurusha na kukanyaga noti mpya kwenye sherehe, na Aprili mwaka huohuo Bobrisky, mtu maarufu wa mitandaoni, akapewa miezi 6 bila nafasi ya faini. Wauza noti mpya wakaendelea kusimama nje ya kumbi.

Kama ningetakiwa kuchagua tarehe ya harusi ya riwaya, ningechagua Februari 2023. Benki Kuu ilikuwa imebadilisha sura ya noti za 200, 500 na 1,000 mwishoni mwa 2022, za zamani zikawekewa muda, na za mpya hazikupatikana. Watu walilala kwenye foleni za mashine za benki, wengine wakanunua fedha kwa fedha, mpaka Mahakama ya Juu ilipoamua tarehe 3 Machi kwamba noti za zamani ziendelee hadi mwisho wa mwaka. Katika wiki hizo, mjomba anayetoa mabunda ya noti mpya, bado zimefungwa kwa karatasi ya benki na namba zinafuatana, amejishtaki mwenyewe kabla hajaanza kucheza. Na nani anayeokota noti sakafuni na kuzitia kwenye mfuko? Vijana. Namba zimo mikononi mwao.

Sasa niseme na kile kinachonikera. Kila anayegusia harusi ya Kiigbo katika hadithi ya fumbo humkimbilia bibi harusi na kikombe chake. Kwenye igba nkwu, sherehe ya kimila ya kupeleka mvinyo, baba humpa binti kikombe cha mvinyo wa mchikichi, naye hupita katikati ya wanaume wanaomwita na kumtania hadi ampate aliyemchagua, apige magoti, ampe anywe. Mandhari ni nzuri mno, na sumu inajiandika yenyewe. Tatizo ni kwamba kwa kawaida binti huonja kwanza. Mwandishi asiyelijua hilo amewaua wote wawili bila kukusudia, na anayelijua analazimika kupinda mila ili sumu ifanye kazi. Kukatika kwa umeme ni hivyohivyo. Ukumbi wa Lagos una jenereta mbili na kijana wa dizeli. Giza la dakika kumi ni jambo la kuulizwa maswali, haliwezi kutokea tu kwa sababu mwandishi alihitaji mtu apotee.

Polisi hawaonekani katika mpango huu, na hawatakiwi kuonekana. Mwandishi wa Ulaya hulazimika kubuni dhoruba ili inspekta achelewe. Kijana wa Nigeria anayesoma leo alikuwa na akili ya kuelewa Oktoba 2020, wakati rika la kaka na dada zake lilipojaa barabarani kudai kikosi cha polisi cha SARS kivunjwe, na wanajeshi wakafyatua risasi kwenye geti la ushuru la Lekki, Lagos, usiku wa tarehe 20. Familia isiyopiga simu polisi haihitaji kufafanuliwa kwa msomaji huyo. Mambo yatamalizwa na wazee, ndani, na hilo ndilo linalotisha.

Kuna mhusika mmoja ambaye ameshakuwa mazoea: binti aliyezaliwa London au Houston, anayekuja Nigeria mara ya kwanza baada ya miaka mingi kwa ajili ya harusi ya binamu, na ndiye anayefumbua fumbo. Naelewa anakotoka. Waandishi wengi wa riwaya hizi wanaishi huko, wachapishaji wao wako huko, na binti huyo anampa mwandishi ruhusa ya kueleza kila kitu, kuanzia kilemba hadi pilipili. Lakini kila maelezo yanaposimama, fumbo linasimama nayo. Na kuna dharau ndogo iliyojificha humo, kana kwamba walioishi na ukoo huo kila siku wangeshindwa kuona, mpaka aje mwenye pasipoti. Nikimtetea, nitamtetea kwa jambo moja tu: hajui maswali yasiyoulizwa. Anaweza kumwuliza mzee mezani kwa nini hakuja kwenye mazishi ya dada yake, na meza nzima ikanyamaza, na binamu yake wa Surulere, mtaa wa Lagos, aliyekulia humo, akapata kwa ukimya huo jibu alilolikosa kwa miaka kumi. Wape kazi wawili hao pamoja. Mmoja aulize, mwingine aelewe.

Fasihi ya Nigeria haikuanzia kwa binti huyo wa ng'ambo. Oladejo Okediji aliandika upelelezi kwa Kiyoruba chenyewe, kitabu cha kwanza mwaka 1969 na cha pili mwaka 1971, na shujaa wake Lapade, askari aliyeacha kazi, hakuwahi kumweleza msomaji Mwingereza lolote. Ilikuwa takriban muongo mmoja baada ya mpelelezi Bwana Msa wa Muhammed Said Abdulla kuwasha kiko chake Unguja, na wote wawili walijua jambo lilelile: ukichimba uhalifu vya kutosha utafika kwenye nasaba na urithi. Adaora Lily Ulasi alianza kutoa riwaya zake za uhalifu kwa Kiingereza mwaka 1970, akiwaacha wahusika wazungumze pijini hata pale wasomaji wa London walipopotea njia. Kisha vikaja vitabu vya Pacesetters, kuanzia 1977, vyembamba, vya bei nafuu, vilivyosomwa chini ya dawati Ibadan kama vilivyosomwa chini ya dawati Nairobi na Moshi. Vingi vilikuwa vya haraka mno na maadili yake yalikuwa ya kubandika. Lakini havikuwa na faharasa mwishoni. Mwandishi aliamini kwamba msomaji wake anajua harusi ni nini.

Sehemu ngumu kuliko zote ni kufichua. Mpelelezi wa Kiingereza huwakusanya wote sebuleni, hutembea mbele yao, humwonyesha mtu kidole. Msichana wa miaka kumi na sita hawezi kusimama mbele ya wajomba na kufanya hivyo, na mwandishi akimlazimisha, kila msomaji aliyelelewa katika nyumba ya Kiafrika atafunga kitabu. Ukweli itabidi upite mlango mwingine: katika barua ya posa anayoisoma, ambamo sentensi moja si ile iliyoandikwa, au kwa alaga, ambaye kazi yake inamruhusu kumtania mzee yeyote kwa wimbo, na mzee analazimika kucheka huku amesikia.

Na je, harusi ivunjike? Vitabu vya vijana hupenda ivunjike. Ukweli umetoka, bibi harusi anavua shela, muziki unazimwa. Mimi ningetaka iendelee. Ukumbi umelipiwa, lesi imekatwa na kushonwa, ndugu wamesafiri kutoka Kano na Toronto, na Jumapili kuna ibada ya shukrani ambayo sare yake tayari imeshanunuliwa. Ndoa za namna hii mara chache hufutwa saa nne asubuhi. Hujadiliwa upya saa nane usiku, chumbani, na watu sita. Mhariri wa New York atauliza haki iko wapi. Iko kwenye masharti: mtoto wa nje anatajwa kwa jina na anapewa ada ya shule, kiwanja kinabadilishwa jina la mmiliki, mwanamke wa bakuli la plastiki anarudishiwa fedha zake zote, na bibi harusi, baada ya kuambiwa kila kitu, ndiye anayesema ndiyo au hapana, akiwa ameketi, na wajomba wamesimama.